Muhogo mchungu haukimbizwi

Bwana wetu Yezu Kristu alipotaka kuwafundisha watu mambo ya mbinguni, hakuwapeleka mbali na nyumba zao. Aliwaonyesha mama anayetia chachu katika unga, mkulima anayemwaga mbegu, mvuvi anayevuta wavu, mwanamke anayewasha taa na kufagia nyumba yote kwa kutafuta sarafu moja. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa miaka mingi Nazareti. Alimwona Mama Maria akikanda unga, alimwona Yosefu akipima mbao. Alijua kwamba kila kazi ya mikono, ikitazamwa vizuri, ina neno la kumwambia mtu juu ya roho yake.

Mtakatifu Teresa wa Avila, aliyefariki mwaka 1582, aliwafundisha masista wake kwamba Bwana hupatikana hata jikoni, katikati ya vyungu. Sisi Wakristu wa Kongo tunapenda kumtafuta Bwana kanisani, na ni vizuri. Lakini tukitoka kanisani mara nyingi tunamwacha huko, kama mtu anayesahau kofia yake kwenye benchi. Jikoni hatumtafuti. Shambani hatumtafuti. Na kwenye maji ya kuloweka mihogo, nani angefikiri kumtafuta huko?

Mimi nilisoma shule ya misioni, kisha seminari, na sasa ni mwalimu. Nashukuru kwa vitabu vyote nilivyosomeshwa. Lakini somo ninalotaka kuwaeleza leo sikulipata katika kitabu. Nililipata ukingoni mwa kijito, mbele ya kikapu cha mihogo, na aliyenifundisha ni mke wangu.

*Kikapu kwenye kijito*

Ilikuwa wakati wa Kwaresima. Unga ulikuwa umetuishia nyumbani, na mshahara ulikuwa bado. Alhamisi jioni mke wangu aling'oa mihogo, akaimenya, akaitia katika kidimbwi kidogo kilicho kando ya kijito, chini ya shamba letu. Mihogo yetu ni ya aina ile chungu. Watu wa kwetu wanaipenda kwa sababu inazaa hata katika udongo uliochoka, na nguruwe wa porini hawaiharibu sana, wala mwizi haitamani.

Ijumaa jioni nilirudi kutoka shule nikiwa na haraka. Nilikuwa nimepata habari kwamba wazee wa ukoo watakuja Jumatatu pamoja na mdogo wangu, ili kumaliza maneno yaliyobaki kati yetu. Nilitaka wageni wale bugali nzuri, waseme amani ipo, kisha waende zao. Nikamwambia mke wangu: "Mama watoto, kesho asubuhi toa mihogo, uianike, Jumatatu tuwe na unga mpya."

Hakunijibu. Alishuka kijitoni, nami nikamfuata. Akachukua muhogo mmoja katika maji, akaushika kwa mikono miwili, akauvunja. Muhogo ukatoa sauti, ka!

"Umesikia, Baba watoto? Bado unalia. Muhogo ukivunjwa ukalia, uchungu ungali ndani. Ulioiva na maji hausemi kitu. Unauminya kwa vidole, unajiachia wenyewe. Huu ni wa siku moja. Muhogo mchungu haukimbizwi."

Nikasema: "Wageni hawatajua."

Akaurudisha muhogo ndani ya maji, akanitazama, akasema polepole: "Wageni hawatajua, lakini miguu ya watoto itajua. Si wewe uliyewafundisha wanafunzi habari hiyo?"

Aibu ilinishika. Kweli mimi ndiye niliyeandika neno hilo ubaoni, katika somo la afya, juma mbili tu zilizopita. Ngoja niwaeleze na ninyi, wasomaji wapenzi, yale niliyowaeleza wanafunzi wangu, maana jambo hili si mchezo.

*Uchungu usioonekana*

Muhogo si mmea wa asili wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioleta mbegu yake pwani ya Kongo katika karne ya 16. Tangu hapo umelisha mababu zetu, nasi unatulisha. Ni baraka ya Mungu. Lakini baraka hiyo ina siri yake. Ndani ya muhogo mchungu mmefichwa kitu ambacho, muhogo ukikatwa au ukipondwa, hugeuka sumu iitwayo sianidi. Macho hayaioni. Muhogo wenye sumu nyingi ni mweupe na mzuri kama mwingine.

Mababu zetu hawakuwa na mashine ya kupima sumu, lakini walijua dawa yake: maji, siku, na jua. Muhogo ukilowekwa siku tatu, nne, au zaidi panapokuwa na baridi, huchacha na kulainika, na sumu karibu yote hutoka na kwenda na maji. Kisha huanikwa juani, hutwangwa katika kinu, huchekechwa. Hata majani yake, sombe yetu tunayoipenda, hutwangwa kwanza, kisha hupikwa sana, na hapo sumu yake huondoka.

Sasa, mtu akifupisha siku za maji, kunatokea nini? Pengine usiku ule ule mlaji huumwa na kichwa, huona kizunguzungu, hutapika. Na kama familia inakula hivyo kila siku kwa majuma mengi, bila maharage, bila samaki, bila nyama, kuna ubaya mkubwa kuliko huo. Ndio ugonjwa uitwao konzo. Daktari Mwitalia, Giovanni Trolli, aliandika habari zake mwaka 1938, baada ya kuonekana katika nchi ya Kwango, huku kwetu Kongo. Neno lenyewe ni la Kiyaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Mtoto aliyekimbia jana anaamka leo miguu yake imekakamaa. Magoti yanagongana, anatembea kwa ncha za vidole, pengine hawezi kutembea kabisa. Ugonjwa huu huja ghafula, nao hauponi. Hushika zaidi watoto na mama wenye umri wa kuzaa.

Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 walipatwa na ugonjwa huo katika mkoa wa Nampula, nchini Msumbiji. Hata huku Kivu ya Kusini ulionekana katika miaka ya vita, watu walipokuwa wakikimbia na hawana nafasi ya kungoja mihogo yao majini.

Lakini si njaa na vita tu vinavyofupisha siku. Jambo hili liliwashangaza sana wanafunzi wangu. Katika nchi ya Bandundu, barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipopatikana, biashara ya muhogo ilikua. Magari yalikuja kununua, na fedha ilikuwa mkononi. Basi mama wengi, kwa kutaka kuuza upesi, wakafupisha siku za kuloweka hata ikawa siku moja tu. Madaktari waliochunguza konzo huko miaka ya 1980 walikuta kwamba haraka hiyo ni moja ya sababu za watoto kulemaa. Barabara ilikuwa njema. Fedha haikuwa mbaya. Kilichoharibu ni kukata siku ambazo muhogo ulizihitaji.

*Swali la mke wangu*

Basi tulisimama hapo kijitoni, mke wangu na mimi. Nilifikiri maneno yamekwisha. Lakini aliniuliza swali lingine: "Na maneno yako na mdogo wako, Baba watoto, yamekaa siku ngapi ndani ya maji?"

Hapa inanibidi kuungama mbele yenu jambo lisilonipa sifa.

Baba yetu alipofariki alituachia shamba moja, linaloshuka mpaka kwenye kijito. Mimi mkubwa nilichukua sehemu ya chini, yenye kijito na kidimbwi, nikasema kwamba baba alinipa kwa mdomo. Je, alinipa? Aliniambia siku moja kwamba niitunze. Kutunza na kumiliki si neno moja, nami niliyesoma seminari nilijua tofauti yake vizuri. Mdogo wangu alikasirika. Tuliitana majina ambayo ndugu wa tumbo moja hawaitani. Kisha nilipiga ua wa miti katikati, kutoka ng'ambo hii hata ile, na mke wa mdogo wangu hakuweza tena kushuka majini.

Wazee walitupatanisha. Ilikuwa mchana mmoja tu. Tulikaa chini ya mti, tukapeana mikono, tukanywa katika kibuyu kimoja, kila mmoja akasema amesamehe. Jumapili ile tulipokea Komunyo tukiwa benchi moja, na watu wakasema: tazama, walimu wa dini wanavyopendana! Lakini ua ulibaki palepale. Na nilipomwona mdogo wangu njiani, moyo wangu ulitoa sauti, ka! kama ule muhogo.

Mke wangu akaendelea: "Unajua mke wa mdogo wako analoweka wapi mihogo yake sasa? Katika pipa, mlangoni pake. Maji anayabeba kichwani kutoka ng'ambo ya kilima. Maji yenyewe ni machache, na pipa ni moja, basi anatoa mihogo baada ya siku moja, ili atie mingine. Juzi mtoto wao wa tatu alitapika usiku kucha baada ya bugali. Nilikwenda kumwona. Sikukuambia, kwa sababu hukupenda nitaje jina lao."

Wasomaji wapenzi, nimesikia mahubiri mengi maishani. Sijasikia mahubiri yaliyonichoma kama hayo. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu wengine habari za konzo, na chaki mkononi, huku ua wangu mwenyewe ukiwa unafupisha siku za mihogo ya watoto wa ndugu yangu. Uchungu nilioufikiri kuwa umo moyoni mwangu tu ulikuwa umekwisha kufika katika sahani ya mtoto.

Uchungu wa moyo ndivyo ulivyo. Tunadhani tumeuficha ndani, hauonekani, uso wetu ni mweupe kama muhogo. Lakini wanaoula ni wadogo. Baba na mama wasiosameheana, ni watoto wanaoshindwa kutembea sawasawa. Wakristu wawili wa shirika moja wakichukiana, ni wakatekumeni wanaojikwaa.

*Kumenya, maji, jua*

Usiku ule sikulala upesi. Nilitafakari kazi ya mke wangu, hatua kwa hatua, nikaona kwamba ni kazi ile ile ambayo Mama Kanisa anatufundisha katika sakramenti ya kitubio.

Kwanza muhogo humenywa. Hauwezi kulowekwa vizuri na ganda lake. Ganda la mtu ni udhuru wake: yeye ndiye aliyeanza, baba aliniambia, mimi ni mkubwa. Mtu anayechunguza dhamiri yake na udhuru wote mwilini anayapita maji bila kulowa. Mimi nilipotoa ganda langu usiku ule, nilikuta neno moja tu chini yake: nilipenda kijito.

Pili muhogo hukaa majini. Majuto yanataka muda. Msinielewe vibaya. Padri anapotuondolea dhambi kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, dhambi husamehewa mara moja. Neema ya Mungu haingoji siku nne. Lakini mazoea ya dhambi, uchungu wake, na madhara tuliyowatendea wengine, hayo hayaondoki kwa dakika moja. Ndiyo sababu Kanisa linatupa malipizi. Ndiyo sababu Kwaresima ina siku arobaini. Mungu angeweza kutupa siku moja tu ya majivu, na kesho yake Pasaka. Lakini yeye aliyeuumba muhogo ndiye aliyeumba moyo wa mtu, naye anajua siku zinazotakiwa.

Tatu muhogo huanikwa juani. Ukitolewa majini na kuwekwa gizani huoza. Kujuta peke yako, ndani ya nyumba iliyofungwa, hakutoshi. Lazima kutandaza maneno mbele ya mwanga: mbele ya padri katika maungamo, na mbele ya ndugu uliyemkosea. Bwana wetu alisema wazi kwamba mtu aliyeleta sadaka altareni, akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka hapo, aende kwanza kupatana naye. Angalieni vizuri: hakusema juu ya ndugu uliyemkasirikia wewe tu. Alisema juu ya ndugu mwenye neno juu yako. Na ndugu yangu alikuwa na neno. Neno lenyewe lilikuwa ua wa miti.

*Mtu aliyesamehe kwa miezi*

Labda mtu atasema: Mwalimu, maneno haya ni ya watakatifu, si ya watu wa mashamba. Basi nimkumbushe mtu wa kazi, Mwenye heri Isidore Bakanja, Mkongo mwenzetu. Hakuwa padri wala mtu wa shule kubwa. Alikuwa msaidizi wa waashi, kisha mtumishi wa nyumba. Alibatizwa mwaka 1906. Kwa sababu ya kuvaa skapulari ya Mama Maria na kusali, mkubwa mmoja wa shamba alimpiga vibaya sana, hata vidonda vyake vikaoza. Hakufa siku ile. Aliumwa kwa miezi, na alifariki tarehe 15 Agosti 1909. Mapadri walipomshauri amsamehe aliyempiga, alijibu kwamba amekwisha kumsamehe, na kwamba atamwombea akifika mbinguni. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mwaka 1994.

Sisi tunasimulia habari ya msamaha wake kama jambo la dakika moja. Lakini fikirini siku zile zote! Kila asubuhi aliamka na vidonda vile vile, na kila asubuhi ilimpasa kusamehe tena. Msamaha wake ulikaa majini muda mrefu, katika machozi na sala na rozari, mpaka haukubaki na uchungu ndani yake. Nami nilitaka kumaliza wangu kati ya Ijumaa na Jumatatu, kwa sababu ya wageni.

*Je, unga uliokwisha kuharibika?*

Najua kati ya wasomaji wetu wapo wanaosikitika: Sisi tulipatana zamani kwa haraka. Unga umekwisha kusagwa. Maji yamepita. Sasa tufanye nini?

Hata kwa hilo muhogo una jibu. Profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra, jina lake Howard Bradbury, alitafuta namna ya kuokoa unga ambao haukulowekwa vya kutosha. Dawa yake ni rahisi, kila mama anaiweza. Unachukua unga, unauchanganya na maji, unautandaza juu ya ungo au mkeka, tabaka jembamba lisilozidi unene wa kidole. Unauacha juani kwa saa mbili, au kivulini kwa saa tano. Sumu iliyobaki hupanda na kwenda na hewa. Kisha unapika bugali siku hiyo hiyo. Tangu mwaka 2010 mama wa kijiji cha Kay Kalenge, katika nchi ya Popokabaka, walifundishwa namna hiyo, wakaifuata, na wagonjwa wapya wa konzo hawakuonekana tena hapo wakati wa kazi hiyo.

Ona basi rehema ya Mungu! Hata unga uliokosewa hautupwi. Lakini lazima ulowanishwe tena, utandazwe, ukubali kuonekana wote, bila kulundikana. Hivyo na mapatano ya haraka. Usiseme: maneno yale yalikwisha, tusiyafungue. Kama bado yana uchungu, yafungue kwa upole, yatandaze juani, mngoje pamoja. Saa mbili za kusema kweli zaweza kuokoa nyumba ya miaka ishirini.

Tena msisahau jambo hili: wenye maharage na samaki katika chakula chao hukingwa zaidi, kwa sababu chakula hicho kinaupa mwili nguvu ya kuishinda sumu inayobaki. Muhogo mtupu, siku zote, ni hatari. Vivyo hivyo sala ya mdomo mtupu, bila matendo ya mapendo kando yake, hailindi. Mwenye kusali na kutoa, mwenye kufunga na kumtembelea mgonjwa, huyo hata likibaki chembe la uchungu moyoni mwake, halitamlemaza.

*Ua uliong'olewa*

Mtauliza mambo yaliishaje.

Jumamosi asubuhi nilikwenda misioni kuungama. Padri alinisikiliza hata mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Ua ule una miti mingapi?" Sikujua. Akaniambia: "Nenda ukaihesabu ukiing'oa." Ndiyo malipizi aliyonipa.

Nilipeleka mjumbe kwa wazee, kuwaomba wasije Jumatatu, wangoje kwanza. Kisha nikapanda kwa mdogo wangu. Alikuwa mlangoni, kando ya pipa. Nilisema niliyopaswa kusema, kwamba baba aliniambia nitunze, si nimiliki. Hakunijibu. Alinitazama muda mrefu kama mtu anayepima uzito wa mzigo. Mke wake alinipa kiti, mtoto yule aliyetapika akaja kusimama kati ya magoti yangu, kwa kuwa yeye hakuwa na habari ya maneno yetu. Nikatazama miguu yake. Ilikuwa mizima. Nilimshukuru Mungu kimyakimya.

Niling'oa miti peke yangu Jumamosi ile mchana. Ilikuwa arobaini na mmoja. Katika mti wa ishirini hivi nilisikia panga lingine upande wa pili. Mdogo wangu alikuwa ameshuka. Hatukusemezana. Tulifanya kazi mpaka jua likatua.

Mihogo ilitoka majini siku ya nne. Mke wangu alimwita shemeji yake, wakaitoa pamoja, nami nikauminya mmoja kwa vidole. Haukusema kitu. Mke wa mdogo wangu akatia yake mahali pale pale.

Wazee walikuja baada ya Pasaka. Walikuta ua haupo, wakala bugali, wakasifu unga. Nisiwadanganye, wasomaji wapenzi: mdogo wangu na mimi bado hatujawa kama tulivyokuwa utotoni. Yapo maneno ambayo bado yanatoa sauti tukiyagusa. Lakini sasa tunajua tulipo. Tumo majini, wala hatukimbizi siku.

*Kwa jioni ya leo*

Nawaomba mfanye mambo matatu.

Akina mama, na ninyi mabinti mnaosaidia jikoni, msifupishe siku za mihogo michungu, hata soko likiita, hata wageni wakigonga hodi. Vunjeni mmoja kwanza, msikilize. Kama unalia, rudisheni majini. Na kama jirani hana mahali pa kuloweka, mpeni mahali kwenu.

Akina baba, fikirini kama hamkupiga ua mahali fulani. Si kila ua ni wa miti. Ua mwingine ni jina lisilotajwa nyumbani, mlango usiobishwa, salamu isiyojibiwa. Ulizeni nani anabeba maji mbali kwa sababu yake.

Wanafunzi, ninyi mnaojifunza habari za afya na za dini katika daftari safi, msifanye kama mwalimu wenu, aliyeandika ubaoni kweli asiyoitazama nyumbani kwake.

Na jioni ya leo, mkisali rozari pamoja, bugali ikiwa bado inachemka, mwombeeni yule ambaye jina lake linatoa sauti moyoni mwenu. Mwombeeni leo, mwombeeni kesho, na kesho kutwa. Bwana ndiye maji yenye uzima. Tukae ndani yake siku zote zinazotakiwa, mpaka tulainike.